Wauguzi wanajaza kila fomu, madaktari hawagusi kalamu: tumkate nani posho?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni muuguzi, nimepewa jukumu la kuratibu ubora katika hospitali binafsi ya vitanda 60 huku Mbagala. Tangu Januari tumeanza 5S, ule utaratibu wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, pamoja na fomu ya usalama wa upasuaji. Wauguzi wanajaza kila kitu kwa asilimia 100. Madaktari, hasa mabingwa wa jioni, hawagusi kalamu. Maabara wanasema wana mfumo wao wa siku nyingi, tusiwasumbue. Watu wa famasi waliitikia ndiyo kikaoni, mpaka leo hakuna kilichobadilika. Mkurugenzi anasema ni kiburi cha madaktari na anataka kuwakata posho kuanzia mwezi ujao. Nimshauri nini?

JIBU: Nzuri dada, na pole kwa majukumu. Nianze na hiyo posho maana mwezi ujao si mbali. Mwombe mkurugenzi asubiri wiki nne. Akikata sasa, fomu za thieta zitajaa mwezi huohuo. Atakayezijaza ni muuguzi wa thieta, saa nzima baada ya mgonjwa kurudishwa wodini, tiki kumi na tisa kwa mkono mmoja, na daktari atatia sahihi akiwa mlangoni na funguo za gari mkononi. Fomu tupu uliyonayo leo inakwambia ukweli kwamba jambo halifanyiki. Ile iliyojazwa kwa kuogopa kukatwa haitakwambia chochote, na utakuwa umepoteza hata hicho kidogo ulichokuwa unakijua.

Tena mimi kilichonishtua kwenye barua yako si madaktari. Ni hiyo asilimia 100 ya wauguzi.

Nenda wodini kesho, chukua mafaili ishirini ya wagonjwa waliolazwa zaidi ya siku mbili, fungua karatasi ya presha, mapigo, joto na upumuaji. Usiangalie kama imejazwa, soma namba zenyewe. Anza na safu ya upumuaji peke yake, juu hadi chini. Ukikuta 20, 20, 18, 20, 20, mgonjwa wa nimonia 20, wa ngiri 20, na yule aliyefariki alfajiri naye saa nne usiku alikuwa anapumua 20, ujue hakuna aliyesimama na saa akahesabu kifua kwa dakika nzima. Kisha nenda kwenye presha. Mashine ya kidijitali hutoa 127/83, hutoa 134/76. Wodi yenye mashine hiyo ikiwa na presha zote zinazoishia na sifuri, 120/80, 110/70, 130/80, basi nyingi ziliandikiwa kaunta. Mwisho angalia wino: mzunguko wa saa kumi na mbili jioni, wa saa nne usiku na wa saa kumi na mbili asubuhi, kalamu moja, mwandiko mmoja, mstari umenyooka kama umepigiwa rula.

Ukiyakuta hayo usimkemee mtu, piga hesabu kwanza. Kumpima mgonjwa mmoja kwa uaminifu, upumuaji ukiwemo, ni kama dakika nne. Wodi ya wagonjwa 30 ni dakika 120 kwa mzunguko mmoja, mizunguko mitatu ni saa sita. Zamu ya usiku ina wauguzi wangapi? Kama ni wawili, kila mmoja ana saa tatu za vipimo tu, bado dawa, dripu, mgonjwa mpya wa saa saba usiku na ndugu anayeita. Muuguzi anajua kwamba msimamizi akija asubuhi atakagua karatasi, hatahesabu pumzi za mtu. Kwa hiyo analinda karatasi. Chuoni alifundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika, akaja kazini akajifunza upande wa pili wa maneno hayo: kilichoandikwa kimefanyika. Walimu wanalijua hili vizuri. Andalio la somo huandikwa kwa ajili ya mthibiti ubora, na somo hufundishwa kivyake.

Ndiyo maana kuitikia na kutekeleza nakushauri uvihesabu kwa vidole tofauti. Fani zote hukutana na mageuzi ya ubora zikiwa zimebeba jibu la swali moja tayari: kazi yangu ni ipi? Muuguzi kazi yake ni wodi nzima kwa zamu nzima. Ukimletea 5S, yaani Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, unamletea kitu anachokitambua: makabati, toroli ya dharura, lebo, makabidhiano. Tangu utaratibu huu uanze kwa majaribio katika Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007, wauguzi ndio wameubeba mahali pengi, na si ajabu. Daktari kazi yake ni mgonjwa mmoja na uamuzi mmoja. Akisikia 5S anasikia habari za rafu. Mtu wa maabara kazi yake ni namba iliyo sahihi, mfamasia ni mzigo usiopungua wala kuharibika. Kila mmoja ana baraza lake la kitaaluma linalompa leseni na linaloweza kumnyang'anya, na hakuna baraza hata moja kati ya hayo litakalomuuliza kuhusu fomu uliyoichapisha wewe Januari.

Sasa madaktari. Kiburi kipo, sikatai. Fani inayomweka mtu darasani miaka mitano, mwaka wa intani, halafu mitatu au minne ya ubingwa, na inayomwambia njia nzima kwamba mgonjwa akifa jina litakaloulizwa ni lake, haiwezi kumtoa mtu anayependa kuulizwa na karatasi kama amethibitisha jina la mgonjwa. Lakini kabla ya kiburi hesabu saa zake. Bingwa wako wa jioni mchana yuko hospitali nyingine. Anatoka saa tisa na nusu, anapambana na foleni ya Barabara ya Kilwa, anafika kwako saa kumi na mbili, ana watatu wa kupasua na kumi wamekaa kliniki. Kikao chako cha ubora ni saa ngapi? Kikiwa Jumanne saa mbili asubuhi, hakukikataa, hajawahi kukisikia. Na semina ya Januari walikwenda kina nani? Kwa kawaida huenda mainchaji, yaani wasimamizi wa wodi, kwa sababu ndio wanaopatikana mchana, na kwa sababu posho ya semina ina wenyewe. Angalia pia namna unavyomlipa: analipwa kwa kila upasuaji? Basi kila dakika unayomwomba asimame unaitoa mfukoni mwake.

Fomu yenyewe ina ushahidi ambao daktari akiupata kwa njia yake ataupima. Ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, ina mambo 19 katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka thieta. Utafiti wake ulifanyika katika hospitali nane za nchi nane na matokeo yakachapishwa Januari 2009. Mojawapo ya hizo nane ni Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, hapahapa kwetu. Kwa hospitali zote nane zikijumlishwa, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Mpe bingwa wako namba hizo. Halafu mpe na za upande wa pili, usimfiche, maana ataziona mwenyewe: jimbo la Ontario, Kanada, liliagiza hospitali zake zote zitumie fomu na zitangaze hadharani kiwango cha kuijaza. Mwaka 2014 watafiti walipolinganisha hospitali 101 kabla na baada, vifo vilikuwa asilimia 0.71 kisha 0.65, tofauti ambayo kitakwimu haihesabiki, ingawa hospitali zilikuwa zinaripoti kwamba fomu inatumika kwa karibu kila mgonjwa.

Watafiti wamebishana sana kuhusu hizo mbili. Mimi nazisoma hivi: kilichookoa watu ni kule kusimama, na kusimama hakuamriwi kwa barua. Mahali watu waliposimama kweli, wakaitana majina, mtu wa usingizi akasema "damu ipo chupa moja tu", karatasi ilifanya kazi. Mahali ilipogeuzwa takwimu ya kutangazwa, ilijazwa.

Kwa hiyo wiki hii acha kuhesabu fomu za thieta. Kaa kwenye kona, upasuaji kumi, na karatasi ya maswali matatu. Moja: kabla ya kisu, je, watu wote waliacha walichokuwa wanafanya, mazungumzo ya simu pamoja? Mbili: jina la mgonjwa, aina ya upasuaji na upande vilitajwa kwa sauti, au mtu alisoma kimoyomoyo? Tatu: dawa ya kuzuia maambukizi ilichomwa saa ngapi, na kisu kiliingia saa ngapi? Hilo la tatu ndilo litakalokupa kazi. Fomu inataka dawa iwe imetolewa ndani ya dakika 60 kabla ya kuchana ngozi, ili iwe nyingi kwenye damu wakati ngozi inafunguliwa. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba seftriaksoni, hiyo dawa ya kuzuia maambukizi, imechomwa wodini saa nane mchana kwa sababu mgonjwa "anaandaliwa", bingwa kafika saa kumi na mbili, mgonjwa wa pili kaingia mezani saa mbili usiku. Wodi inaamini ni kazi ya thieta, thieta inaamini wodi imeshamaliza, na fomu ina tiki. Dawa ihamishie kwa mtu wa usingizi, aichome mgonjwa akiwa ameshalala mezani na kabla ya kumlaza usingizi. Badiliko hilo halihitaji semina.

Kuhusu kusimama kwenyewe, chagua daktari mmoja tu aliye tayari, usianze na wote. Chapa orodha kwa herufi kubwa, ibandike ukutani mbele ya meza ili mtu asome bila kushika karatasi. Muuguzi anayezunguka ndiye asome, daktari ajibu. Halafu tumia hila ambayo haigombani na cheo cha mtu: muuguzi wa vyombo afunike trei kwa kitambaa tasa, na kitambaa hakitoki mpaka swali la mwisho limejibiwa. Hakuna aliyemkatalia daktari. Kisu kimefunikwa tu. Kosa la kawaida ni kusoma wakati daktari bado ananawa mikono nje, ili "kuokoa muda". Hapo umebaki unajisomea mwenyewe. Kosa jingine ni kuuliza jina la mgonjwa kwa mara ya kwanza baada ya usingizi. Hilo ni la kituo cha kwanza, mgonjwa akiwa macho na anajibu kwa mdomo wake.

Maabara wana haki kuliko unavyodhani. Wakikwambia wana mfumo wao, ni kweli: maabara zinazojiandaa kupata ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, hupita ngazi za nyota za SLIPTA, mpango wa kuzikagua maabara hatua kwa hatua, ambako asilimia 55 ya alama ni nyota moja na 95 ni nyota tano. Wamezoea kukaguliwa, kuandika joto la friji asubuhi na jioni liwe kati ya nyuzi 2 na 8, kufungua ripoti ya kosa bila kulia. Ukiwaletea fomu yako ya kuhakiki usafi wa meza watakuona mgeni. Udhaifu wao uko kwingine. Wameufunga ubora ndani ya kuta zao.

Fuatilia sampuli 15 na uandike saa katika vituo vinne: daktari alipoandika kipimo, damu ilipotolewa, kichupa kilipopokelewa dirishani, na daktari aliposoma jibu. Maabara huhesabu kutoka kituo cha tatu mpaka jibu linapotoka kwenye mashine, na watakuonyesha dakika 45 bila wasiwasi. Daktari anahesabu kutoka cha kwanza mpaka cha nne, na anakwambia ni muda wa saa nne. Wote wawili wanasema kweli. Saa tatu na robo zinazobaki zimelala kwenye bakuli la kaunta zikisubiri mhudumu, na kwenye karatasi ya majibu iliyokaa dirishani ikisubiri mtu wa kuifuata.

Hapohapo hesabu sampuli zilizokataliwa na sababu zake. Damu iliyopasuka chembe nyekundu hupandisha potasiamu kwa uongo, na hupasuka kwa sababu zinazofahamika: sindano nyembamba, mpira umefungwa mkononi muda mrefu, bomba limevutwa kwa nguvu, kichupa kimetikiswa badala ya kugeuzwa taratibu. Kuna na ile ya kumwaga damu kutoka kichupa cha kofia ya zambarau kwenda cha kofia nyekundu baada ya kugundua umekosea. Dawa iliyomo kwenye cha zambarau ina potasiamu, kwa hiyo jibu litasema potasiamu ya kutisha na kalsiamu ya chini, na mgonjwa mzima anaweza kutibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Makosa haya huzaliwa wodini, huonekana maabara, na kila upande huyaweka kwenye daftari lake. Mpe mtaalamu wa maabara nusu saa awaonyeshe wauguzi kwa vitendo. Atakuja kwa furaha kuliko kwenye kikao chochote, kwa sababu hapo umemwita kwa kile anachojivunia.

Famasi ni fupi. Uliwaomba nini hasa? Kama ni kumweleza kila mgonjwa dawa zake, dakika tatu kwa wagonjwa 120 ni dakika 360, saa sita za mtu mmoja asiyefanya jingine. Walipoitikia ndiyo walikuwa wanakuheshimu tu. Punguza: maelezo kamili kwa anayeanza dawa ya sukari, ya presha au ya kuyeyusha damu, na kwa mama mwenye mtoto mchanga. Wengine wapate lebo inayosomeka. Pale stoo angalia kadi mbili tatu za dawa kama idadi iliyoandikwa inalingana na iliyopo kwenye rafu, na kama inayokaribia kuisha muda ndiyo iliyowekwa mbele. Kama ni safi, waache.

Watu wa bima hukuwataja, na nadhani ni kwa sababu hawakusumbui. Wao walishabadilika zamani. Fomu yenye kosa inarudi bila hela, kwa hiyo wanajua kila msimbo wa ugonjwa na kila sahihi inayokosekana. Wape heshima yao ila usiwape uongozi wa ubora. Kwao mgonjwa aliyeandikwa vizuri na mgonjwa aliyetibiwa vizuri ni mtu mmoja.

Waliosahaulika kabisa ni wahudumu wa usafi, ambao pengine ni waajiriwa wa kampuni ya nje na bosi wao si wewe. Waulize wanachanganyaje dawa ya klorini. Ile ya asilimia 3.5 inayouzwa madukani, ili iwe asilimia 0.5 ya kutakasa vifaa na damu iliyomwagika, ni kipimo kimoja cha dawa kwa sita vya maji. Utakuta ndoo inayokisiwa kwa harufu. Bandika kikombe cha kupimia kwenye kila ndoo kwa kamba, andika 1 kwa 6 kwa wino usiofutika, ichanganywe upya kila siku kwa sababu nguvu yake inapungua. Na wakwambie masanduku ya sindano yanajaa kiasi gani kabla ya kubadilishwa. Mwisho ni robo tatu, na wao ndio wanaochomwa yakizidi.

Kabla ya kuongeza chochote, kusanya kila karatasi anayojaza muuguzi kwa mgonjwa mmoja anayelazwa, zitandaze mezani, uhesabu jina na umri vimeandikwa mara ngapi. Ondoa mbili ndipo uongeze moja. Toroli ya dharura nayo usiikague kwa daftari lake la sahihi: washa taa ya kifaa cha kuangalizia koo uone kama betri inafanya kazi, soma tarehe ya adrenalini.

Adhabu nayo ina mahali pake, na mimi si mtu wa kusema isiwepo. Daktari anayekataa kusubiri gozi zihesabiwe kabla ya kufunga tumbo, baada ya kuelezwa mbele ya mashahidi, huyo mkurugenzi na amwite. Asiyetia tiki asiitwe.

Baada ya wiki nne mpelekee mkurugenzi karatasi moja: upasuaji kumi na muda wa dawa kabla ya kisu, namba za upumuaji za mafaili ishirini bila majina ya wauguzi, na saa za vile vituo vinne kwa sampuli 15. Mwombe kikao cha dakika 20 kila mwezi cha kujadili mgonjwa mmoja aliyepata madhara, bila jina lake wala la aliyemhudumia, bingwa mmoja akiwa mwenyekiti, mtu wa maabara na muuguzi wa zamu wakiwepo. Kiwe saa kumi na mbili na nusu jioni, mabingwa wakiwa wameshafika na mgonjwa wa kwanza bado hajaingizwa thieta.